Nozo Nne na Kuku wa Bibi Paulina

Nathanaeli alikuwa amechoka tangu Jumatatu, na leo ilikuwa Jumamosi. Si kwamba masjala ya ofisi yao ina kazi, ina kusubiri. Barua inakuja kupitia kwa fulani, inajibiwa kupitia kwa fulani mwingine, na yeye yuko katikati, mwaka wa kumi na tisa huu, anafunga mafaili kamba.

Sasa alikuwa ameinama uani kwake Ipagala, kichwa ndani ya boneti, kaptula iliyochanika nyuma ikiitazama dunia. Gari lake lilikuwa likinywa mafuta kama mgeni wa harusi na kukohoa kwenye kila kilima. Fundi wa Nkuhungu alimwambia nozo zimekufa, yaani vile vimrija vinne vinavyopuliza petroli kwenye injini, na bomba la chuma linalozigawia mafuta limeliwa na kutu. Nathanaeli akajibu kwamba mafundi wote ni wezi, atabadilisha mwenyewe nyumbani. Alilisema mbele ya mkewe, Ruthu, kwa hiyo hapakuwa na kurudi nyuma.

Lakini si hilo lililomkaa rohoni. Mwezi wa tatu gari hilohilo lilizima njiani akiwa amempakia mama mkwe wake, Bibi Paulina. Bibi aliteremka, akajitanda khanga, akatembea juani mpaka nyumbani bila neno. Angetukana, ingekuwa nafuu. Na kesho mjukuu wake anapata kipaimara Mkonze, askofu anafika saa tatu, na bibi ametoka kijijini kwa ajili hiyo tu. Likizima tena, Nathanaeli alishaamua, atahamia masjala alale na mafaili.

Bibi Paulina alishika mila za zamani za Kigogo: mkwe wa kiume hasemeshwi wala hatazamwi usoni. Alikaa kivulini, amempa mgongo, anapepeta mtama. Akiwa na jambo alimwambia Ruthu, na Ruthu, aliyesimama hatua mbili kutoka kwa wote wawili, alilirudia neno kwa neno.

"Mama anauliza hiyo harufu ni ya nini."

"Mwambie petroli."

"Mama, anasema petroli."

Hata nyumbani hajatoka ofisini.

Alianza saa moja asubuhi. Alichomoa waya wa betri, akafungua bomba bovu, akang'oa nozo kuukuu, kila moja ikigoma kama jino la mwisho la mzee. Zile mpya zilitaka kuvikwa vipira vya kuzuia petroli isivuje, viwili kila moja, kimoja juu na kimoja chini. Alivimwaga vyote kwenye mfuniko wa sufuria. Mgongo ulimwaka, upepo ukamjaza vumbi machoni, na alipofika nozo ya nne hakuwa anahesabu tena. Aliona mfuniko mtupu, akajiambia vimetosha. Akakaza bomba jipya, akarudisha waya wa betri, akaingia garini.

Bibi Paulina akakohoa. Akamwita Ruthu. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Ruthu alikuwa kwa jirani anarudisha ndoo. Barua haikuwa na pa kupitia. Ufunguo ukaingia tunduni.

"Wewe kuku," bibi akasema, macho kwenye ungo wake. "Hicho kipira unachodonoa ni cha gari la mkwe wangu. Kiache. Lisije likawaka moto na baba wa wajukuu wangu ndani."

Nathanaeli akachomoa ufunguo. Alishuka amejiziba nyuma kwa tambara la oili, akamfukuza kuku, akaokota kipira kati ya punje za mtama. Kisha akakaa vumbini. Bomba lote lifunguliwe tena, nozo zote zitolewe, itafutwe ipi iliyobaki uchi. Hata kulia alichoka.

"Kuku," akasema, akiutazama ukuta, "asante. Na ile ya mwezi wa tatu, unisamehe."

Ungo ulipanda na kushuka, makapi yakaruka.

"Kuku alishasahau," bibi akasema. "Miguu yake tu ndiyo bado inakumbuka."

Saa tisa gari liliwaka kwa jaribio la tatu, likanguruma bila kukohoa. Ruthu, aliyekuwa amerudi zamani, aliuliza kwa nini kazi ya asubuhi ilirudiwa. Bibi Paulina alikung'uta ungo wake, akarudi kwenye utaratibu.

"Ruthu, mwambie mumeo kesho kanisani asivae hiyo kaptula."

Ruthu akaufikisha ujumbe.