Safu ya Tatu

Kwa miaka tisa nilifundisha darasa la Maandiko katika chumba cha nyuma cha kanisa letu, Mji Mkongwe. Shule niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni kutengeneza mafriji. Niliyoyajua kuhusu manabii wa Waebrania niliyapata kwa kusoma mwenyewe, polepole, kalamu mkononi. Daftari langu nililigawa safu tatu. Ya kwanza, alilotabiri nabii. Ya pili, namna sisi Wakristo tunavyoamini kuwa lilitimia kwa Masihi. Ya tatu niliibuni mwenyewe, nikaiita "Sisi": linalotupasa kufanya.

Kwenye unabii wa mtumishi anayeteseka bila kulalamika, katika safu ya tatu niliandika neno moja: tunyamaze. Wanafunzi walinakili. Mdogo wangu wa kike alikuwa mmoja wao, kabla hajaolewa Chwaka, kijiji cha pwani ya mashariki, na muashi wa kanisani kwetu.

Asubuhi moja, wiki ya kuelekea Pasaka, alifika karakanani kwangu jicho limevimba, mkono wa kushoto hauinuki. Nikamuuliza haya yameanza lini.

"Mwaka wa pili huu."

"Na hukunambia?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha, Kaka. Nliandika kwa mkono wangu."

Hakusema kwa kunilaumu. Ingekuwa nafuu angenilaumu.

Sisi Wakristo ni wachache kisiwani, na tuna desturi: ugomvi wa ndoa hauendi kwa sheha, mkuu wa mtaa, wala polisi kabla wazee wa kanisa hawajaukalia, ili majirani wasipate la kusema. Tulikaa alasiri ya siku ileile: wazee watatu, mume, mdogo wangu na mimi. Mume aliomba radhi kwa sauti ya upole. Mzee mkubwa, aliyesimamia ubatizo wangu, akamgeukia mdogo wangu.

"Mwanangu, rudi nyumbani. Wiki hii ndiyo yenyewe. Masihi alivumilia makubwa kuliko hayo. Si kaka yako aliyetufundisha?"

Mume akacheka kidogo. "Shemeji ana daftari lake, mzee. Kila kitu kimo."

"Kimo," nikasema, "na nilikosea."

Nilisimama. Nilieleza kama ninavyomweleza mwenye friji hitilafu ya friji lake, hatua kwa hatua. Unabii ukitimia, umetimia. Mateso yale aliyabeba aliyejitoa kwa hiari yake, mara moja, kwa ajili ya wengine. Hakuna mume aliyepewa zamu ya kuyaendeleza. Tena huyo tunayesema alinyamaza, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza. Alimtaka aliyempiga aseme sababu. Limo katika Maandiko hayohayo, nami nililiruka miaka tisa kwa kuwa halikuenea katika safu yangu.

"Mwalimu, kaa chini," mzee alisema. "Unataka kutuvua nguo mbele ya majirani?"

"Majirani hao ndio waliompandisha gari kule Chwaka asubuhi, mzee. Nauli walimpa wao."

"Nimesema kaa."

"Heshima yangu kwako iko palepale. Lakini sikai."

"Basi darasa utaliacha."

"Nshaliacha."

Nilidhani kazi iliyobaki ni yangu, na nilikuwa nikitafuta hoja ya pili, mdogo wangu alipomgeukia mumewe.

"Ulinipigia nini?"

Mume aliwatazama wazee.

"Nakuuliza wewe. Juzi, nimetoka baharini kuvuna mwani, maji yananichuruzika. Ulinipigia nini?"

"Tuyazungumze nyumbani," alisema mume.

"Yanazungumzwa hapa. Nna miaka miwili sijauliza."

Mzee mmoja alikohoa, akaanza kusema kwamba tuombe. Mdogo wangu akamwambia, kwa adabu, asubiri kwanza mumewe ajibu. Tulisubiri sote. Mume alijikuna goti, akatazama mlango, akasema alikuwa amechoka siku ile. Hilo ndilo jibu lake lote.

"Haya," mdogo wangu alisema. Akanyanyuka, akavaa viatu.

Wapo wasionisalimia mpaka leo, na darasa lina mwalimu mwingine. Unabii ule naendelea kuuamini, neno kwa neno.

Jioni ile nilimsindikiza kituo cha polisi. Askari wa kike wa dawati la jinsia alivuta karatasi, akauliza jina la aliyempiga. Mdogo wangu alilitaja kwa sauti iliyowafikia waliokaa benchi la nje, kisha akalitaja tena, herufi moja moja, ili liandikwe sawasawa.