Siku Pikipiki ya Aabo Ilipolia kama Bunduki

Nilipohamishwa kwenda kufundisha Ngaremara, katikati ya miaka ya sabini, mama alilia kana kwamba nimefungwa jela. Ngaremara si mbali na mji wa Isiolo, lakini siku hizo barabara ya kaskazini ilikuwa vumbi na mawe, na magari yalipita pale yalipotaka yenyewe. Lori la mifugo likija, unapanda juu pamoja na mbuzi. Lisipokuja, unarudi nyumbani. Nyumba za walimu hazikuwepo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, sijaolewa, na mama hakutaka hata kusikia habari ya mimi kulala huko.

Basi jioni moja tukila, baba akasema bila kuinua macho, "Ile pikipiki bado iko."

Mama akaacha kula.

Baba tulimwita Aabo, kama Wasomali wote wa mtaa wetu wanavyowaita baba zao; sisi ni wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza wakabaki hapa na kugeuka wafanyabiashara. Naye alipotaka kunibembeleza aliniita mimi "aabo" vilevile, kwa sababu kwetu mzazi humrudishia mtoto jina lake. Nilipokuwa mdogo alikuwa mnunuzi wa ngozi. Alikuwa na pikipiki kubwa nyeusi ya Kiingereza, na juu ya hiyo alikwenda Kipsing, akafika mpaka soko la mifugo la Oldonyiro, akarudi amejaa vumbi hadi kope.

Kisha ikaja miaka ya shifta, waasi wa kaskazini walipopigana na serikali. Mtu aliyezunguka porini kwa pikipiki alidhaniwa anawapelekea majambazi chakula au habari. Siku moja watu wenye sare walikuja wakamchukua. Alikaa kizuizini muda mrefu, na aliporudi mikono yake ilikuwa inatetemeka. Hakusema alifanyiwa nini, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kuuliza. Aliisukuma pikipiki hadi stoo ya nyuma, akaifunika magunia, akafunga mlango. Tangu hapo akawa mtu wa nyumbani na msikitini tu, na hata msikitini alizunguka kwa njia ndefu ya nyuma ili asipite mbele ya kituo cha polisi.

"Hiyo kitu wacha ilale," mama alimwambia jioni ile. "Ilituletea nini?"

"Na mtoto ataenda kazi na nini? Na punda?"

Mama akaanza kukusanya sahani. Sikujua kipi kilinitisha zaidi, barabara ya Ngaremara au kumwona Aabo akitaja pikipiki ile kwa mdomo wake mwenyewe.

Tulifungua stoo asubuhi ya Jumamosi. Kufuli ilikuwa imeshika kutu ikabidi tuivunje kwa nyundo. Niliogopa nyoka, maana swila hupenda mahali kama pale, penye giza na panya. Aabo alitangulia kwa fimbo akipigapiga sakafu. Alitoka mjusi mmoja tu, lakini nilipiga kelele kama nimeumwa. Tukavuta magunia. Pikipiki ilikuwa imesimama vilevile alivyoiacha, magurudumu yamekaa chini bila upepo, raba imepasuka pasuka, kiti kimetobolewa na panya waliozaa ndani yake. Tulipoitoa nje kwenye jua, Aabo aliizunguka polepole bila kuigusa. Nilimwona anavyoficha mikono ndani ya kikoi.

Alikuwa hawezi kushika spana. Alijaribu siku ile ya kwanza, ikamwanguka, akaiokota, ikamwanguka tena. Akanipa mimi. Akavuta debe akalikalia, na tangu hapo yeye alisema na mimi nikafanya.

Nilikanyaga kiki, chuma cha kuwashia. Haikushuka hata kidogo, ilikuwa kama kukanyaga jiwe.

"Pistoni imeshikana na kutu," Aabo alisema. "Usilazimishe. Ukilazimisha utavunja kitu ndani."

Tulifungua plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya tundu lake, tukaiacha inywe. Kila nikitoka shule ya mjini, ambako bado nilikuwa namalizia muhula, nilibadilisha nguo nikaenda kuongeza tone. Majirani walikuja kutazama. Mama mmoja Mmeru aliyekuwa na duka mkabala na kwetu alisimama mlangoni akauliza, "Mwalimu, siku hizi wewe ni fundi?" Nikacheka, lakini moyoni sikucheka. Niliwaza, watu wakianza kusema kwamba mzee ameitoa pikipiki yake, maneno yatafika wapi?

Siku moja Aabo aliniambia niweke gia ya juu, nishike gurudumu la nyuma, niyumbishe mbele na nyuma, taratibu. Niliyumbisha mpaka jasho likaniingia machoni. Ghafla kitu ndani kikasema *ka!* Niliruka nyuma nikidhani nimeiua.

"Imeachia," alisema Aabo. Akapitisha kiganja usoni, sijui alikuwa anafuta jasho gani, maana alikuwa amekaa kivulini.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Tangi tulilitia kokoto na mafuta ya taa, nikalitikisa hadi mabega yakauma, yakatoka maji ya kutu mekundu kama chai. Kabureta ilikuwa imejaa gundi ya petroli iliyooza. Nilizibua vitundu vyake kwa unywele wa mkia wa ng'ombe. Pointi, zile za kurushia cheche, nikazisugua kwa msasa. Tukamwaga oili ya zamani, nzito kama lami, tukatia mpya. Lori moja lilituletea raba kutoka Meru. Aabo akaniambia nilaze plagi juu ya injini, nikanyage kiki, nitazame. Cheche ya buluu ikaruka. Niliogopa kwa namna nyingine sasa. Wakati ule wote ilikuwa maiti tunayoiosha. Sasa ilikuwa na uhai ndani.

Siku ya kuiwasha ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Aabo aliweka ndoo ya mchanga karibu, kama moto ungeshika. Mama alianua nguo zote kambani, akaingia jikoni. Nilifungua petroli, nikasema bismillahi, nikakanyaga. Kimya. Nikakanyaga tena na tena. Mara moja kiki ilirudi kwa nguvu ikanipiga kwenye muundi wa mguu, nikakaa chini nikishika mguu na kulia. Aabo akanishika bega. "Basi, tupumzike." Lakini hasira ilikuwa imenipanda. Nikasimama, nikakanyaga kwa uzito wangu wote.

Ililia *pa!* Kisha tena, *pa! pa!*

Sikuwahi kusikia sauti kama ile karibu namna hiyo. Kwenye ekzosi kulitoka mwali wa moto na moshi mweusi, kisha injini ikanyamaza. Mtaa mzima nao ukanyamaza. Halafu nikasikia milango ya maduka ikifungwa mmoja baada ya mwingine, na mwanamke akiita watoto kwa Kiborana, na mtu barabarani akipiga kelele, "Risasi! Risasi!" Jikoni mama alikuwa amelala kifudifudi. Isiolo ya wakati ule haikuhitaji kuambiwa mara mbili. Sisi sote tulikua tukijua kwamba ukisikia sauti ile unalala chini kwanza, maswali baadaye.

"Aabo," nilisema, "watakuja."

Uso wake ulikuwa wa kijivu.

Walikuja kweli, haraka kuliko nilivyodhani. Sajenti mmoja mnene na askari wawili vijana, bunduki mkononi. Lango letu la mabati lilifunguka kwa teke. Na kabla hawajasema neno, kabla hata sijageuka vizuri, baba yangu alikuwa amepiga magoti mchangani, mikono nyuma ya kichwa, macho chini. Alifanya haraka na kwa utaratibu, kama mtu anayeingia kwenye sala. Hapo ndipo nilipofahamu kidogo walichomfanyia miaka ile.

"Nani anapiga risasi hapa?" sajenti aliuliza.

"Si risasi, afande," nilisema. Sauti yangu haikuwa yangu. "Ni pikipiki."

"Pikipiki gani inalia kama bunduki? Unanifanya mjinga?"

"Ni ya zamani, afande. Imelala miaka mingi. Tunajaribu kuwasha."

Askari mmoja alikwenda stoo, akapindua magunia kwa mtutu wa bunduki. Mwingine, kijana ambaye sidhani alikuwa amenizidi umri, alinielekezea yake mimi. Nilitazama kidole chake. Kilikuwa kinacheza.

"Haya," sajenti alisema. "Washa tusikie."

Niliona wazi litakalotokea: nitakanyaga, italia *pa!*, na kijana yule, ambaye alikuwa anaogopa kama mimi, atafyatua. Nilishika usukani nikabaki hivyo. Ndipo nikasikia sauti kutoka chini, mchangani.

"Usiwashe bado. Petroli imejaa ndani."

"Nyamaza, mzee!" askari akafoka.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda haukuwa ujasiri, ilikuwa hofu kubwa zaidi iliyosukuma ndogo kando. "Afande," nilisema, "hii mashine mimi siijui. Anaijua yeye. Nikiwasha peke yangu italia tena vilevile, na hawa vijana wako watashtuka. Tafadhali mwambie asimame."

Sajenti alinitazama. Akamtazama Aabo. Akawatazama vijana wake, na nadhani aliona nilichokiona.

"Nyinyi, bunduki chini," alisema. "Mzee, simama. Salaam aleikum. Kuja uonyeshe."

Aabo aliinuka kwa shida, magoti yamejaa mchanga. Alikuja kando yangu. Mikono yake ilitetemeka vibaya kuliko siku yoyote, lakini ilijua inakokwenda. Alifunga petroli. Aliniambia nifungue plagi na nikanyage kiki mara kadhaa ili mvuke wa petroli utoke. Nikaifuta plagi kwa kanga yangu, nikairudisha. Kisha alitazama usukani, na nikamwona anaganda. Kando ya mshikio wa kushoto kulikuwa na kijiti kidogo cha chuma ambacho mimi nilidhani ni cha breki iliyovunjika. Ndicho kilichochelewesha au kuwahisha cheche, na cheche ikikosea wakati wake injini hulia kama vile. Tangu tuanze kazi hakukitaja hata mara moja.

"Hiki," alisema polepole. "Nilikisahau kabisa." Akakisukuma kwa kidole gumba. "Sasa, aabo. Bila hasira."

Nilifumba macho, nikakanyaga.

Haikulia kama bunduki. Ilikohoa, ikasita, ikakohoa tena, kisha ikashika: *dudu, dudu, dudu*, nzito na polepole, ikitikisa mpaka mabati ya lango. Askari yule kijana alikuwa ameruka nyuma hadi kwenye ndoo ya mchanga. Mama alitokea mlangoni pa jikoni, mtandio umemwanguka mabegani, akaweka mkono kinywani. Moshi mweupe ulijaa ua wote. Aabo alisimama ameshika kiti cha pikipiki kilichotobolewa, machozi yanateremka, na hakuna aliyejua kama ni ya moshi.

"Zima," sajenti alisema baada ya muda. Nikazima. "Mmetisha mji mzima. Siku mkitaka kuwasha hii kitu tena, mtakuja kituoni kusema kwanza. Mzee aje mwenyewe." Wakaondoka, na lango likabaki limening'inia kwa bawaba moja.

Neno lile la mwisho ndilo lililotunyima usingizi. Mama alisema tuirudishe stoo, yaishe. Mimi nilikubaliana naye. Nilisema nitapanda malori. Aabo hakubishana na yeyote. Siku tuliyokusudia kuijaribu barabarani, alioga, akavaa kanzu yake ya Idi, akatoka kwa mlango wa mbele. Nikamfuata. Alipofika mbele ya kituo alisimama, nikadhani atageuka. Kisha akaingia. Mimi nilibaki nje chini ya mti mmoja wa miiba usio na kivuli cha maana, nikihesabu watu waliotoka ambao si yeye. Nilikuwa na hakika wamemshika. Nilikwisha kupanga nitamwambia mama nini.

Alitoka. Alikuwa ametoka jasho mpaka mgongoni, kanzu imegandana na ngozi.

"Walisema nini?" nilimuuliza.

"Walinipa kiti," alisema.

Aabo alinifundisha kuiendesha, nami nikaipanda kwenda Ngaremara mpaka miaka ya themanini ilipoanza, hadi gia zake zilipokwisha na vipuri vikakosekana. Siwezi kusema niliwahi kuizoea barabara. Asubuhi ya kwanza nilivaa suruali ya kaka yangu chini ya dira, gauni letu refu la Kisomali, nikafunga mtandio kwa mafundo mawili, na nilipopita nyumba za mwisho za mji meno yalikuwa yanagongana. Wachungaji wa Kiturkana walisimama kando na mbuzi wao wakanitazama nikipita. Mbele ya shule nilisahau namna ya kusimama, nikazunguka uwanja mara mbili, watoto wakinikimbilia nyuma kwa vifijo, mpaka nikakumbuka kufunga petroli.