Kauri Yenye Joto Haikazwi

Nakumbuka siku moja ya harusi kule Kakuma, mwanangu, siku ambayo baba yangu alikuja kunitoa katika ufundi. Naisimulia nikijidai wala sioni haya, maana sifa hii niliitolea jasho.

Miaka ile ya sabini nilikuwa msichana wa Lopur, kijijini kwetu Turkana, najifunza kutengeneza redio na gramafoni kwa fundi Wekesa, mtu wa Bungoma aliyekuwa na kibanda Lodwar. Baba hakupenda. Mbuzi wake walikosa mchungaji, nami nashinda na bisibisi. Aliyeolewa siku hiyo alikuwa binti wa baba mdogo, na mimi na fundi ndio wa kupiga muziki, basi baba akaniambia mbele ya watu, "Leo gramafoni isipolia, kesho tunarudi Lopur."

Sasa sikiliza. Katika kichwa cha gramafoni kinachoshika sindano mna kipande cha kauri, udongo uliochomwa kama wa kikombe cha chai, chembamba kama ukucha. Sindano ikikitikisa, chenyewe hutoa umeme kidogo, na huo ndio unaokuwa wimbo. Vile vya zamani, vya fuwele, joto la Lodwar liliviua kabisa. Vya kauri vilivumilia, ila navyo vina kikomo. Mimi na fundi tulifika mchana, sanduku la gramafoni na vipande vyake limechomwa na jua juu ya lori njia nzima. Fundi akatia kipande, akakaza skrubu, kikapasuka. Cha pili nacho vilevile. Kikabaki kimoja. Hicho hakuthubutu kukigusa, akanipa mimi bisibisi.

"Kaza basi, watu wanangoja," baba akasema.

Nikakishika, kilikuwa cha moto hata vidole vikakataa. Hapo nikamkumbuka marehemu mama, alivyokuwa akinizuia tukihama: punda aliyetoka juani hapakiwi mpaka apoe kivulini. Jua peke yake hulivumilia, mzigo peke yake huubeba, lakini viwili kwa pamoja humwangusha.

Nikasema, "Baba, punda akitoka juani tunampakia?"

Nilijua atanichapa. Akawageukia wageni. "Kaeni chini. Huyu anaongea kama mama yake."

Nikakiweka kivulini kando ya mtungi wa maji, bila kukilowesha, hadi kikapoa. Skrubu nikaizungusha kwa vidole, ilipogusa tu nikaiacha. Sindano ikashuka, wimbo ukatoka, watu wakacheza hadi vumbi likamficha bibi harusi. Wallahi nilijisikia mrefu kuliko fundi. Asubuhi baba akarudi Lopur peke yake, na kila aliyekutana naye njiani, baada ya ejok, salamu yetu, alielezwa habari za binti yake fundi.

Mwanangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa kauri hauzibiki. Joto huipunguzia ukakamavu, na ukiibana ikiwa na joto, ufa mdogo hukimbia mpaka mwisho. Nawe basi usijitwike jambo zito huku moyo unachemka, wala usimkaze mwenzako aliye motoni. Mwache apoe kwanza, hata wageni wakinung'unika.

Akuj, Mungu wa baba zangu, akupe kivuli kila jua likuwakiapo, na vidole vinavyojua pa kuachia.