Bi Dai na Bata Aliyekunywa Adhabu

Jirani yangu hapa Shanyin, Bi Dai, ni mjane mwenye mdomo na kundi la bata. Dume ni mmoja tu, Jemadari. Bila Jemadari hakuna vifaranga, na bila vifaranga Bi Dai atakula nini, upepo?

Zamani wakubwa wetu walitunga mashairi ya huko mbinguni, mambo wasiyoyaona. Siku hizi wamezukiwa na jambo jipya: milima na mito! Kijito chetu kilekile tunachofulia nguo, wanakitolea macho kama bibi harusi.

Basi sikukuu ya mwezi wa tatu, ya kuosha nuksi, wakajipanga ukingoni. Mimi, mtumishi wao, nilikuwa juu kidogo ya kijito, napasha pombe na kuviachia vikombe vilivyojaa vielee hadi kwao. Kikombe kikisimama mbele yako, tunga shairi; ukishindwa, unakunywa vitatu vya adhabu.

Jemadari huyo! Kikombe kikamgonga kifuani, akanywa. Cha pili, akanywa. Cha tatu! Akatoka majini anayumba, akampanda mwenyeji wao, Bwana Xun, mapajani na kulichafua kwa matope shairi lake la ukimya wa milima.

"Mchinjeni!" akafoka Bwana Xun.

Bi Dai, aliyekuwa akichunga bata wake ng'ambo, alijitosa majini hadi magotini. "Kwa kosa gani, bwana mkubwa? Kikombe si kilisimama mbele yake? Kutunga kashindwa, vitatu kanywa. Sheria yenu hiyo! Mnaadhibu mara mbili?"

Wageni wakaangua kicheko. "Xun, umepatikana! Haya, tunga jingine, au unywe kama bata."

Bwana Xun, ambaye pombe humtapisha, alishika kalamu upesi. Jemadari alikuwa amesharudi kijitoni, kasinzia juu ya maji. Bwana akasoma: "Mto mtupu. Bata mweupe anaelea. Hapana mtu."

Lo! Wakubwa walilia machozi. "Bata huyu asiguswe," akaamuru Bwana Xun. "Yumo shairini." Roho yangu ikatulia.

Ya Bi Dai haikutulia. "Hapana mtu? Na mimi hapa ni nani, gogo? Nimemlea tangu yai!"

"Wee mama," Bwana Xun akamjibu kwa upole, "sogea kidogo. Unaziba mlima."

Asogee? Thubutu! Alisimama palepale, mikono kiunoni, mpaka pombe ikaisha na wakubwa wakabebwa kwenda makwao.