Misumari Mdomoni

Fundi wa makochi ana mikono miwili tu, mmoja wa kuvuta kitambaa, mwingine wa nyundo, kwa hiyo vimisumari hukaa mdomoni. Fundi wetu huyu mtaa mzima ulimwita Kufuli, maana hata akiwa mdomo mtupu, kumtoa neno kulikuwa na jasho lake.

Alipendana na karani wa posta miaka minne. Asubuhi moja karani akapitia karakanani kabla ya kazi, akasimama mbele ya kochi lililochunwa likabaki mbao, akamwambia kuna mwalimu amepeleka barua ya posa kwa baba yake. Kisha akauliza, "Wewe unasemaje?"

Kufuli alikuwa na vimisumari tisa mdomoni na kona ya kitambaa mkononi. Akajibu, "Mm."

Anaapa kwamba maana yake ilikuwa ngoja kwanza, nimalize hapa. Karani akasikia "Sawa." Kufuli alipoinua kichwa, mwenzake hakuwepo.

Mwezi wa kwanza alijipa moyo kwamba atarudi. Wa pili akavitupia lawama vimisumari. Dada yake, mtu asiyemung'unya maneno, akamwuliza kama vilikuwa vimeota mizizi. "Kutema tu, kaka, ulishindwa nini?"

Tangu siku hiyo alijichukia. Kazi ikamwendea kombo. Mtu yeyote akiingia, hata muuza mayai, Kufuli alitema vimisumari vyote sakafuni na kumkodolea macho, akingoja kuulizwa kitu. Muuza mayai akaanza kupita upande wa pili wa barabara.

Mwishowe akafunga karakana, akaenda posta. Alipanga foleni nyuma ya wazee wa pensheni, akirudiarudia maneno yake kama mtoto wa shule. Alipofika dirishani yakamtoka yote kwa mkupuo: kwamba anampenda, kwamba ni mjinga, kwamba asiolewe na yule mwalimu.

Karani aliweka muhuri chini. Kidoleni alikuwa na pete.

"Tumeshaoana, mwezi uliopita," alisema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Siku ile nilikuja unikataze. Nikakusubiri pale nje, ukutani, nusu saa nzima. Nilichelewa kazini."

Kufuli alishika ukingo wa dirisha. Nusu saa. Hakuwa amejua, lakini alikumbuka vizuri alivyoitumia. Alimaliza kona, akashona mgongo wa kochi, akakaa akanywa chai yake taratibu, akijiambia atamweleza jioni. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka alipokaa.

Mama mmoja nyuma yake akaomba apishwe, ana kifurushi. Kufuli akampisha.