Hotelini kwa Bibi, Kabla Watu Hawajagawana Meza

Mwezi uliopita nilishuka Garsen na njaa, nikaingia hoteli ya kwanza niliyoiona. Nikiwa nasubiri chai nilimuuliza mzee wa meza ya jirani kama malka, ile njia ya ng'ombe kwenda mtoni, ilishafunguliwa. Mzee aliangalia mlangoni, kisha akaangalia kikombe chake. Mhudumu ndiye aliyenijibu, kwa adabu kabisa, akinionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: hapa siasa hapana. Chai ile niliinywa nimeudhika. Sikuwa nimeuliza siasa, niliuliza njia.

Ungekuwa umenijua nikiwa na miaka kumi, ungenikuta hotelini kwa Bibi, kando ya barabara, nimekalia mbuzi nakuna nazi ya mbaazi. Wazazi wangu walikuwa Kulesa wakilima, nami nilikaa na Bibi nikisoma. Paa lilikuwa la makuti, kuni zilikuwa mbichi siku zote, na moshi ulitutoa machozi. Maziwa ya chai yaliletwa na akina mama wafugaji, kwenye vibuyu vilivyofukizwa, hivyo chai ya Bibi ilikuwa na harufu ambayo sijaipata tena mahali popote.

Kila asubuhi mwalimu mmoja, mteja wetu, alisoma gazeti kwa sauti, hata kama ni la juzi, na baada ya hapo ubishi ulianza. Wakali walikuwa wawili. Mmoja alikuwa babu mdogo, ndugu yake marehemu babu yangu, mkulima wa mpunga na ndizi. Wa pili alikuwa mzee mfugaji mwenye ng'ombe wengi na Kiswahili cha kukatakata.

"Wewe nalima mpaka kwa maji," mfugaji alimwambia. "Ng'ombe yangu takunywa wapi? Kwa kikombe ya Mama?"

"Na wakila mpunga wangu, mimi nitakula nini?" babu mdogo alijibu.

Mmoja akisimama, Bibi aliita kutoka jikoni, "Gombaneni mkiwa mmeketi." Akaketi. Siku moja walibishana mpaka mbaazi zikaisha, wakaondoka pamoja kwenda kupima kwa miguu yao upana wa malka. Babu mdogo aling'oa migomba yake mistari miwili iliyokuwa imeingia njiani. Hakuna chifu aliyeitwa.

Kisha ukaja wakati wa kampeni. Mgombea mmoja aliingia hotelini, akaagizia watu wote chai, akawasalimia kwa majina. Baada ya chai aliwaita wakulima nyuma ya hoteli, akaongea nao. Halafu akavuka barabara, akaongea na wafugaji peke yao. Bibi aliyaona yote kutoka jikoni. Mgombea aliporudi kuaga, Bibi alimzuia mlangoni.

"Mheshimiwa, uliyowaambia kule, waambie hapa, wote wakisikia."

Mgombea alicheka, akamsifu kwa mahamri, akapanda gari.

Kesho yake wafugaji hawakuja. Keshokutwa yake maziwa nayo hayakuja, tukauza chai ya rangi. Bibi alifunga leso yake, akanishika mkono, tukatembea hadi kwa mzee mfugaji. Alitukaribisha vizuri. Akaeleza kwamba waliahidiwa mashamba ya ukingoni yataondolewa. Bibi akamwambia wakulima nao waliahidiwa malka itafungwa.

"Najua, Mama," alisema. "Yule naongopa sisi wote."

"Basi njoo kesho unywe chai."

Alitikisa kichwa. "Nikikuja, vijana yangu tasema nimenunuliwa."

Tuliporudi, Bibi alimwomba babu mdogo anywe chai tena na mwenzake; naye alijua wameongopewa, lakini akatoa jibu lilo hilo: wanawe wangesema ameuza shamba. Nilimwona Bibi akiketi kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hakuwahi kufanya saa za kazi.

Mgombea alishinda. Hakuondoa shamba wala hakufunga njia. Malka ilifungwa na watu wenyewe, kidogo kidogo, mgomba mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe wakapita katikati ya mpunga. Wafugaji walifungua hoteli yao ng'ambo ya barabara. Bibi aliendelea miezi michache na wateja wa upande mmoja, ambao sasa walikubaliana kwa kila kitu. Alisema wanamchosha. Akafunga.

Watu hupenda kumlaumu yule mgombea, na mimi nilimlaumu kwa miaka. Siku hizi hasira yangu haiishii kwake peke yake. Alitumia asubuhi moja tu. Wazee wale wawili waliujua uongo wake, wakaambiana kupitia Bibi kwamba wanaujua, na bado kila mmoja akawaogopa watoto wake. Hawakuketi pamoja tena hadi wakafa, nyumba zao zikiwa mwendo wa saa moja.

Leo nikitaka kujua wafugaji wanasema nini kuhusu maji, naambiwa na wakulima. Nikitaka kujua wakulima wanataka nini, wafugaji wana jibu tayari. Wala hakuna anayevuka barabara kwenda kuuliza.