Mawese kwenye Gobori

Nisameheni kwanza kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande kama majani ya mtoni, na maneno mengine sina hakika kama yanaandikwa hivi. Nilisoma kidogo shule ya serikali Usumbura, kisha baba akafa nikarudi kwetu Rumonge. Naandika polepole. Mbele za watu kusema kunanishinda, ndiyo maana nimeona niandike.

Baba alituachia gobori moja. Kwa asiyeijua, ni bunduki ya zamani: unatia baruti mdomoni, unafuatisha risasi, unashindilia kwa fimbo, kisha unaweka fataki, kikofia kidogo cha shaba kinachowaka kikigongwa, juu ya kitundu cha moto. Kitako chake kilikuwa kimepasuka, baba akakifunga kwa waya wa shaba na ngozi mbichi ya ng'ombe, ikakaukia hapo ikawa ngumu kama mfupa. Kwa gobori hiyo tulilinda mpunga wetu karibu na mdomo wa mto Dama. Viboko walikuwa wakitoka ziwani kula. Mlio mmoja uliwatosha, wanarudi majini. Bila mlio hakuna mpunga. Baba alipokufa, kaka yangu mkubwa akashika bunduki, mimi nikashika vifaa vyake.

Vifaa vya dukani hatukuviweza. Usumbura niliona pembe za baruti zenye mfuniko wa shaba, na mifuko ya ngozi iliyoshonwa Ulaya. Niliziangalia tu. Nyumbani baruti niliitia ndani ya kibuyu kidogo, nikakiziba kwa kipande cha mti laini. Risasi niliyeyusha kutoka masanduku ya chai, maana ndani yake yamefunikwa kwa madini ya risasi, membamba kama karatasi, na wenye maduka wanayatupa. Kalibu ya kumiminia alinifinyangia mama mmoja wa Kitwa anayeuza vyungu sokoni, nikamlipa kwa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Cha kushindilia kati ya baruti na risasi kilikuwa nyuzi za mchikichi, ninazisugua viganjani mpaka zinakuwa laini.

Mfuko wa fataki niliushona kwa ngozi ya kenge. Maji hayapiti. Mama hakuupenda.

"Hicho kinyama chako kisivuke mlango wangu," alisema.

"Mama, kimekufa," kaka akajibu.

"Kilipokuwa hai angalau kilikuwa na adabu ya kukaa mtoni."

"Huyu ndiye askari wa mpunga wako, mama. Mpigie saluti."

Mama akamtupia ganda la muhogo. Mfuko ukatundikwa nje, chini ya paa.

Kitu kimoja tu tulikuwa tukikinunua, mafuta ya ufuta ya kupaka chuma, yanayoletwa na wachuuzi kutoka Ujiji. Baba hakutumia mengine. Chupa yake ilipokwisha, kaka aliigeuza juu chini, akatazama michikichi iliyotuzunguka, akasema, "Tumelala ndani ya mafuta, tukanunue mafuta ya watu?" Akaanza kupaka mawese. Masika yote gobori ililia vizuri. Tukasahau habari za ufuta.

Kiangazi kilipoingia, ikatangazwa sokoni kwamba boma linataka kuona magobori yote. Anayelinda shamba lake ataachiwa, ikiwa bunduki yake inalia. Isiyolia inachukuliwa. Askari atapita kwa mtumbwi kutoka Kabonga akielekea Usumbura.

Kaka alifurahi. Alisema sasa itakuwa yetu kwa ruhusa, hakuna atakayetuuliza tena. Mchana, siku moja kabla ya askari kufika, aliisafisha juani. Mawese yalikuwa mepesi kama maji, akayamimina kwa mdomo wa mtutu, akayamimina kwenye kitundu cha moto, mpaka chuma kikang'aa. Kisha akaisimamisha nje ukutani, chini ya paa, karibu na mfuko wangu.

Askari alifika alfajiri, kwa sababu wapiga makasia walitaka kuondoka kabla ziwa halijachafuka. Kulikuwa na baridi. Watu walisimama ufukweni wamejifunika nguo mpaka masikioni. Kaka akashindilia kila kitu, nikampa fataki.

"Mwenye gobori ni wewe?" askari akauliza.

"Mimi, bwana askari."

"Inalia?"

"Inalia sana. Viboko wa hapa wote wanaijua."

"Basi nijulishe na mimi."

Kaka akaelekeza ziwani, akafyatua. Fataki ikasema ta. Basi.

"Kiboko amecheka," mpiga kasia mmoja akasema.

Nikampa fataki nyingine. Ta. Nyingine tena. Ta. Watu wakaanza kucheka na wao. Kaka alikuwa anatokwa na jasho kwenye baridi ile.

"Bwana askari, baruti iko mbichi labda. Uningoje kidogo, jua litoke."

"Jua langu liko Usumbura, ndugu yangu." Akanigeukia mimi. "Na wewe mwenye mfuko wa kenge, unasemaje? Inalia au hailii?"

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu naye halii," askari akasema, na ufuko wote ukacheka.

Hakuwa mtu mbaya. Alimwacha kaka ajaribu mpaka fataki za mfukoni zikaisha. Kisha akanyoosha mkono.

"Iko na risasi ndani, bwana," kaka akamwambia.

"Isiyolia haina neno."

Mtumbwi ukaondoka. Tulirudi nyumbani. Mama alikuwa jikoni anachota mawese kwa kijiti ili ayasogeze motoni, maana miezi ya baridi huganda kila asubuhi. Akatuuliza imekuwaje, kaka akamweleza. Mama akakaa na kijiti mkononi.

"Uliipaka nini?"

"Mawese."

Mama aliinua kijiti. Mafuta mekundu yalikuwa yameshika pale nchani, hayakudondoka. Aliweka chungu karibu na moto, na sote watatu tukatazama mpaka yakaanza kutiririka. Kaka akatoka nje, akashika njia ya ufukoni, bila kanzu yake nzuri, bila chakula.

Alifika Magara, njiani kwenda Usumbura, kesho yake. Wanawake wanaonunua samaki wakamsimulia kabla hajauliza. Mtumbwi ulikuwa umepumzika pale mchana wa jana yake kwa sababu ya mawimbi. Gobori ikalazwa juu ya mchanga, juani. Askari alipochoka kungoja, akaichukua kuichezea, akaweka fataki yake mwenyewe.

"Ililia!" mmoja akamwambia. "Tulianguka wote kifudifudi. Chungu changu kimekuwa vigae, nani atanilipa?"

Kaka akaendelea mpaka Usumbura. Bomani wakamwambia bunduki imeonekana ni nzima, na bunduki nzima ikiingia haitoki.

Aliporudi alikaa kizingitini. "Wamesema ni nzuri," alisema. Kisha akaomba ugali. Mama akampa. Nilingoja nione nitasikia nini moyoni, uchungu au hasira. Sikusikia kitu. Niliosha sahani.

Viboko walikula mpunga wote. Hatukupanda tena pale, tulihamia juu kwenye muhogo. Kaka siku hizi anapiga kasia katika mitumbwi ya watu. Kenge ametundikwa pale pale chini ya paa, na mama hamsemi tena. Kibuyu kina baruti kidogo. Kalibu iko nzima. Wakati mwingine nasugua nyuzi za mchikichi viganjani, halafu naziacha.

Ninyi mtakaosoma, kama kwenu iko gobori na mnahitaji vifaa hivi, nitavitoa bure. Na kama mmeona mahali popote gobori yenye kitako kilichofungwa kwa waya wa shaba na ngozi ya ng'ombe, niandikieni inalinda shamba la nani, na mwenyewe anaipaka mafuta gani. Mchuuzi yeyote wa samaki anayeshuka Rumonge atanifikishia. Mwandiko mbaya si kitu. Nitasoma polepole.